Ng'ombe Tuliyemwita Mgeni

Baba yangu alikuwa mtu wa kweli katika mambo yote isipokuwa moja, nalo lilikuwa ng'ombe. Ukimuuliza kama alisinzia kanisani wakati wa mahubiri, alikubali. Ukimuuliza nani amekula nyama iliyobaki chunguni, alijitaja mwenyewe. Lakini ukimuuliza ng'ombe waliomo zizini mwake ni wa nani, alijibu "wangu" bila kupepesa macho, na hapo umeshapigwa. Katika wale thelathini na kitu waliolala kwetu, wake hasa hawakufika watano. Wengine wote walikuwa wa watu.

Hakuwa tapeli, na ungemwita hivyo mbele yangu tungegombana. Kwetu Singida, kwenye vijiji vinavyozunguka njia panda ya Mkiwa, mtu mwenye akili hakuwaweka ng'ombe wake wote zizi moja. Mmoja alimpeleka kwa rafiki, wawili kwa shemeji, mwingine mbali kabisa upande wa Itigi. Ugonjwa ukipita, au wezi, hukosi kubaki na mbegu. Anayekutunzia hukamua na kunywa maziwa, hiyo ndiyo haki yake, na samadi ni ya shamba lake. Ng'ombe na ndama ni wako. Sharti la kwanza la mpango huo lilikuwa kufunga mdomo. Aliyeweka hasemi, aliyewekewa hasemi. Ukiuliza, mwenye zizi anakuambia "wangu", na kwetu huo haukuhesabiwa uongo. Ulihesabiwa adabu.

Kati ya hao wa watu kulikuwa na jike mmoja mweusi mwenye tumbo jeupe, mpole, mwenye kupenda kulambalamba nguo zilizoanikwa. Sisi watoto tulimkuta anaitwa mgeni, na baada yake akaitwa hivyo mtamba wake wa kwanza, kisha mtamba wa mtamba, wote weusi wenye tumbo jeupe. Nilikua, nikaolewa, ndoa ikanishinda, nikarudi nyumbani na sufuria zangu mbili, nikafungua kibanda cha chai pale njia panda. Miaka yote hiyo sikuwahi kujiuliza kwa nini ng'ombe aliyezaliwa zizini kwetu aitwe mgeni. Unaweza kuishi na siri miaka thelathini ukadhani ni jina tu.

Miaka hiyo neno lililovuma lilikuwa ruksa. Ruksa kufungua duka, ruksa kuuza alizeti kwa mtu yeyote, ruksa kuvaa mitumba hadi kanisani. Wanunuzi binafsi walikuja na malori, wakasimama kibandani kwangu kunywa chai wakielekea mnadani, nami nikabariki ruksa kwa moyo wote. Ghala la ushirika lilibaki tupu. Josho la kuogeshea ng'ombe likakauka, maana dawa ya serikali ilikoma kuja na ile ya dukani haikushikika kwa bei. Basi katikati ya ruksa hiyo yote likaja agizo kutoka wilayani: ng'ombe peke yake ndiye hana ruksa. Kila mfugaji aandikishe mifugo yake, jina la mmiliki liandikwe kwenye fomu, na kila ng'ombe avalishwe hereni ya plastiki yenye namba. Asiye na hereni hauzwi mnadani wala havuki mpaka wa kijiji bila kibali.

Neno lililowachoma wanaume halikuwa namba wala kibali. Lilikuwa hereni. Baba alikuwa na fahali mmoja mwenye nundu, wake kweli kweli, na alipoambiwa fahali huyo atavaa hereni alimwendea akamshika masikio.

"Ya sikio moja au yote mawili?" akauliza.

"Moja, mzee," akajibu bwana mifugo.

"Afadhali," akasema baba, lakini alionekana ameumia.

Bwana mifugo huyo alikuwa Mnyiramba, mtani wetu sisi Wanyaturu, kijana mwembamba mwenye baiskeli na begi la turubai. Siku ya kuandikisha aliweka meza yake kando ya josho kavu. Kwa kuwa ni mtani, wazee walimuuliza kama yeye mwenyewe ameshatobolewa sikio, naye akasema anasubiri Wanyaturu watangulie kwa kuwa masikio yao ni makubwa. Zamu ya baba ilipofika aliulizwa lile swali moja, ng'ombe hawa wa nani, na baba, mbele ya kijiji kizima, akafanya alichofunzwa na baba yake.

"Wangu."

Bwana mifugo akaandika. Thelathini na kitu, wote kwa jina la baba. Aliyefuata naye akasema wangu, na wa baada yake. Jioni ile kila mtu alirudi nyumbani akijiona ametunza heshima. Hakuna aliyefikiri kwamba karatasi haijui adabu. Mdomo ukisema wangu, wote wanaelewa. Karatasi ikisema wangu, basi imekwisha.

Aliyelifikiri hilo, habari ilipomfikia, alikuwa shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, aliyeishi Kilimatinde.

Shangazi aliolewa kule na seremala wa misheni. Mume alipofariki, ndugu zake walikuja kuchukua vitu. Walibeba mbuzi, walibeba vitanda ambavyo marehemu alivichonga kwa mikono yake, mwisho wakang'oa hata mlango, maana ulikuwa wa mninga. Shangazi alibaki amekaa ndani ya nyumba isiyo na mlango, akicheka. Jirani zake walidhani amechanganyikiwa, kumbe alikuwa anacheka walichokosa kuking'oa. Miaka mingi nyuma alikuwa amefuga kuku watatu. Kuku wakawa mbuzi, mbuzi wakawa mtamba mmoja mweusi mwenye tumbo jeupe, na mtamba huyo alimswaga mwenyewe hadi kwa mdogo wake bila mume kujua, wala mashemeji. Wanasema ng'ombe wa maskini hazai, na akizaa huzaa dume. Wa shangazi alizaa majike matupu. Walikuwa wanne sasa, na hao ndio walikuwa uzee wake. Alikusudia kurudi kwetu akishachoka, ajenge chumba kimoja chenye mlango, asimpigie mtu magoti.

Yote hayo nilikuwa siyajui siku alipoteremka basi la Manyoni mbele ya kibanda changu, ameshika fimbo na mfuko wa karanga. Nilimsalimia, akanipokea vizuri, akanywa chai, akala chapati mbili. Kisha akasema nimpeleke kwa baba.

Tulimkuta baba uani na jirani zake wawili, wakisokota kamba ya kufungia ndama. Alisimama haraka.

"Shikamoo, dada."

Shangazi hakuitikia. Kwetu ukimwona mtu mzima ananyima marahaba, jua pana msiba au pana kesi. Jirani mmoja aliweka kamba chini.

"Yule ng'ombe mweusi pale," akasema shangazi akinyoosha fimbo, "ni wa nani?"

Na baba yangu, Mungu amrehemu, kwa sababu walikuwepo watu wa kusikia, akamtazama mwenye ng'ombe usoni na kumjibu:

"Wangu."

Mpaka leo nikikumbuka nacheka, lakini siku ile hakuna aliyecheka. Niliona baba akitambua alichosema. Alifungua mdomo kukirudisha, jirani wakamtazama, akaufunga. Shangazi alitikisa kichwa polepole.

"Sawa. Basi na mimi ni mgeni hapa. Kwa mtu nisiyemjua sili."

Alilala chumbani kwangu na ndipo aliponieleza yote, kwa sauti ya chini, huku akinimenyea karanga. Tangu siku ile hakuonja kitu kilichopikwa kwa baba. Alifuatana nami hadi njia panda kila siku na kula kibandani, kwa hoja kwamba kibanda ni changu wala si cha mdogo wake. Kila alfajiri baba alimngojea mlangoni.

"Shikamoo, dada."

Kimya. Siku mbili, siku tatu. Jirani zetu wakaanza kutania kwamba mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Shangazi alilichukua jembe mwenyewe, akaenda kupalilia uwele wa baba, mistari minne, bila kusema neno na bila kunywa maji ya kwake. Baba alimwangalia kutoka zizini akazidi kukonda.

Siku ya nne baba alikwenda kwa bwana mifugo kuomba afutiwe ng'ombe wa dada yake. Nilifuatana naye. Bwana mifugo alimsikiliza, akavua kofia, akasema ugumu hauko kwenye kufuta. Fomu ina mstari mmoja wa mmiliki, na ng'ombe huandikwa anapoishi mmiliki. Akiandikwa shangazi, ng'ombe hao wahamie Kilimatinde.

"Kwa mashemeji," nikasema.

"Mimi nasema fomu inavyosema, dada yangu." Alionekana ana haya. "Mzee, mimi ni mtu mmoja. Ukitaka fomu ibadilike, iwe na mstari wa mwenye ng'ombe na mstari wa mtunzaji, nileteeni barua ya vijiji. Na msilete ng'ombe kuvishwa hereni mpaka mjibiwe. Hilo mimi sikuwaambia."

Baba hakuwa mtu wa mikutano. Lakini alikanyaga vijiji vitatu kwa miguu, akiingia zizi hadi zizi, na Jumamosi wafugaji wakajaa kwenye ghala la ushirika, wanaume mbele, wanawake nyuma kwenye magunia. Mimi nilikaa kwenye sanduku la zamani na daftari langu, kwa kuwa mwandiko wangu ulikuwa unasomeka.

Mkutano ulikuwa wa hovyo. Nampenda sana baba yangu, lakini hakuweza kuuendesha, maana alichowaitia watu hakuwa na ruhusa ya kukitamka. Alisema fomu si nzuri. Wakauliza kwa nini. Akasema mstari ni mmoja. Wakauliza angetaka mingapi na ya nini. Kila mtu mle ndani alikuwa anajua, na kila mtu alikuwa na ng'ombe wa mtu wa kumficha. Basi wakakimbilia hereni. Mmoja akasema plastiki itaoza sikio. Mwingine akasema fahali akivaa hereni atadharauliwa na majike. Wakabishana hilo kwa kirefu.

"Hereni ni mambo ya wanawake," mzee mmoja akahitimisha, na ghala zima likacheka.

Shangazi alisimama kule nyuma.

"Kama ni mambo ya wanawake, basi mnipishe niseme."

Walimpisha. Alipita katikati yao na fimbo yake, mfupi, kitambaa kimefungwa hadi kwenye nyusi, akasimama kando ya baba bila kumtazama.

"Mimi nina ng'ombe wanne kwa mdogo wangu huyu," akasema. "Jike mweusi na wazao wake. Niliwapata kwa kuku. Nimewaficha miaka yote kwa sababu mashemeji zangu wangewachukua, na nikisema hapa leo, najua habari itafika Kilimatinde kabla yangu. Lakini nyie mmeshaandikwa. Huyu mdogo wangu akifa kesho, wanawe watasoma karatasi. Karatasi haitawaambia kuna shangazi. Mficha uchi hazai. Nimemaliza."

Aliyetamka siri yake alikuwa ametamka na ya baba, na kwa desturi hilo lilikuwa kosa kubwa kuliko wizi. Nilimtazama baba. Alikuwa ameinamisha kichwa, na nilidhani ana hasira, kumbe analia.

Kisha mzee yule yule wa mambo ya wanawake akakohoa.

"Na mimi wale wekundu watatu si wangu," akasema. "Ni wa huyu," akamwonyesha jirani yake.

Basi mlango ukafunguka. Wakasimama mmoja baada ya mwingine. Tajiri wa kijiji, mwenye zizi lililohitaji wachungaji wawili, mtu aliyekaribishwa kiti cha mbele kwenye kila harusi, alikiri kwamba wake ni watano tu. Na mzee mmoja aliyevaa koti moja lililochanika kiwiko tangu nikiwa darasa la tatu, ambaye tulikuwa tukimpelekea mboga kwa huruma, alitajwa kwenye mazizi saba. Kila alipotajwa alijikunyata. Alipotajwa mara ya saba mke wake aliinuka kutoka kwenye magunia.

"Baba watoto," akasema, "na mimi navaa kanga hii moja?"

Ghala lilipasuka kwa kicheko. Watu walipigana mabega, wakafuta machozi, na baada ya hapo barua ilikuwa kazi rahisi. Niliandika kwamba sisi wafugaji hatukatai kuhesabiwa, tunakataa kuandikwa uongo. Uongo wenyewe ulikuwa wetu, lakini hilo sikuliandika. Tuliomba mstari wa pili. Tukasema mpaka mstari huo upatikane, hakuna ng'ombe wetu atakayefika joshoni. Waliojua kusoma waliweka sahihi, wengine walichovya dole gumba.

Siku ya hereni bwana mifugo alikuta josho limejaa watu na halina hata ndama. Alipokea barua kwa mikono miwili, akafunga sanduku lake la hereni, akapanda baiskeli. Ukafuata mnada wa kwanza bila ng'ombe wetu, kisha wa pili. Malori yakapita bila kusimama, chai yangu ikapoa kwenye birika. Baadhi ya vijana wakaanza kunong'ona kwamba ada ya shule haisubiri mstari. Baba aliwaendea nyumbani mmoja mmoja, akawasikiliza, akanywa uji wao. Hakuwatisha. Aliwaambia tu kwamba dada yake bado hajamwitikia.

Kabla ya mnada wa tatu bwana mifugo alirudi. Wilayani walikubali, alisema, lakini fomu mpya hakuna, karatasi ni za kubana. Akatoa kwenye begi rula na kalamu. Alikaa kibandani kwangu siku nzima akichora mstari wa pili kwa mkono kwenye kila fomu, na chini yake akiandika, kwa herufi kubwa, MTUNZAJI. Nilimpa chai bure, jambo ambalo si kawaida yangu.

Siku iliyofuata baba alikuwa wa kwanza joshoni, na wa kwanza kuswagwa mbele ya meza alikuwa yule mweusi mwenye tumbo jeupe.

"Ng'ombe huyu wa nani?" akauliza bwana mifugo.

Neno lile la zamani lilikuwa limeshafika kwenye meno ya baba, nililiona. Alishika pembe ya ng'ombe.

"Wa dada yangu," akasema.

"Maziwa?"

"Yangu."

"Na mavi, mtani?"

"Ya shamba langu. Andika na hilo kama una mstari."

Waliendelea hivyo mpaka zizi zima likapita. Huyu wa fulani, huyu wa fulani. Mwisho bwana mifugo alihesabu aliowaandika kwa jina la baba kama mmiliki, akainua uso.

"Mzee, mbona wako ni wachache hivi?"

"Wangu wako kwa watu," akasema baba, na alilisema kwa fahari ambayo sikuwahi kuisikia alipokuwa akidai thelathini.

Shemeji mmoja wa Kilimatinde alikuja kweli, mwezi uliofuata. Shangazi alimwonyesha karatasi yenye jina lake na muhuri, naye aliisoma mara mbili, akanywa chai kibandani kwangu akingoja basi, akaondoka. Sitasahau kwamba karatasi tuliyoipinga ndiyo iliyomfukuza. Hereni zenyewe hazikudumu. Miiba ya porini ilizing'oa moja moja, na wilayani hawakuleta nyingine. Fahali wa baba aliipoteza yake ndani ya wiki mbili, na baba hakuitafuta.

Lakini jioni ya siku ile zizi letu lilipovishwa hereni, ng'ombe waliporudi, baba alichukua kibuyu akamkamua yeye mwenyewe yule mgeni, kazi aliyokuwa ameshawaachia wengine. Shangazi alikuwa amekaa kizingitini kwangu akimenya karanga. Baba alijaza bakuli, akalileta kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo kama mtoto.

"Shikamoo, dada."

Shangazi alilipokea bakuli. Alilitazama. Akanywa mpaka nusu, akajifuta povu kwa ncha ya kanga.

"Marahaba, mdogo wangu," akasema. "Maziwa yako matamu."